Gitaa la Kulaza Mapajani na Noti Iliyo Kati ya Mistari

Gitaa la umeme la kwanza kuuzwa kwa mafanikio madukani halikuwa hili la kuning'iniza begani. Lilikuwa la kulaza mapajani. Rickenbacker walilitoa mwaka 1932 kule Los Angeles: bodi ya alumini ya kumiminwa, kiduara kidogo chenye shingo ndefu, watu wakaliita kikaangio na jina likaganda. Aliyebuni sumaku yake ya kunasa mtetemo wa nyuzi ni George Beauchamp, na hataza ilitoka 1937. Hata Leo Fender, ambaye kila mpiga solo wa Tanzania anamjua kwa jina la kwenye kichwa cha gitaa, alitengeneza haya ya mapajani tangu 1945, miaka kadhaa kabla hajatoa lile la kusimama nalo mwaka 1950.

Naanza na hayo kwa sababu kila anayeingia kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma, akaliona la kwangu juu ya meza huuliza kama ni la mtoto. Wengine huuliza limekatwa na nani. Halijakatwa. Ni kipande cha mbao nzito chenye urefu wa chini kidogo ya mita, nyuzi sita zimeinuliwa juu sana, na mahali pa freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa la kawaida, pamechorwa mistari tu. Huwezi kubonyeza uzi mpaka ufike kwenye mbao, na hutakiwi. Unaliweka mapajani uso ukiangalia juu, mkono wa kulia unachuna, wa kushoto unashika kipande cha chuma laini na kukitelezesha juu ya nyuzi.

Chimbuko lake ni Hawaii. Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku, mzaliwa wa 1874, ambaye akiwa bado kijana wa shule, mnamo 1889 hivi, alianza kupitisha chuma juu ya nyuzi za gitaa la kawaida. Masimulizi yanasema aliokota boliti kando ya reli akaisugua kwenye nyuzi akapenda mlio wake. Siwezi kuapa kuhusu boliti, lakini sisi wa Dodoma tuliokulia kandokando ya Reli ya Kati hatuoni ajabu yoyote hapo. Tulichokuwa tunafanya na misumari ya reli ni zaidi ya muziki. Kekuku aliondoka Hawaii 1904 kwenda kupiga Marekani bara, baadaye akazunguka Ulaya, na baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915 Wamarekani wakaingiwa na wazimu wa muziki wa Hawaii. Gitaa lake likasambaa dunia nzima.

Na kwetu lilifika, ila kwa mlango wa nyuma. Waliokaa kwenye majumba ya sinema wakitazama filamu za Kihindi za zamani wamelisikia. Wahindi walilipenda mpaka mtu kama Brij Bhushan Kabra akalipandisha kwenye jukwaa la muziki wao wa jadi. Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Zacharie Elenga, yule waliyemwita Jhimmy, alijipatia sifa kwa mtindo waliouita wa Kihawaii, na vijana waliomsikia ndio waliokuja kutujazia redio na rumba. Nigeria, King Sunny Adé aliingiza kwenye muziki wa juju lile la pedali. Na kama mzazi wako alikuwa anafungua redio Jumapili asubuhi kusikiliza kantri huku chapati zinachomwa, ule mlio wa kulialia nyuma ya mwimbaji ndio huo, wa ndugu yake mkubwa mwenye miguu na pedali.

Hili langu nilinunua kwa mzee mmoja mstaafu wa mtaa wa Kikuyu. Baba yake alikuwa seremala wa misheni, na mmisionari mmoja wa Kiaustralia aliporudi kwao alimwachia. Likakaa chini ya kitanda miaka na miaka kwenye sanduku lake la mbao. Kibati chenye jina la kampuni kilishang'oka, yamebaki matundu mawili ya misumari. Mzee alikuwa anajua ni gitaa lakini hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulisikia likilia.

Ukipata la zamani namna hiyo, mambo ya kukagua si yale unayokagua kwenye gitaa la kawaida. Shingo ikiwa imejipinda kidogo, usikimbie. Hakuna freti za kuparuza nyuzi. Bodi ikiwa na makovu, achana nayo. Zungusha funguo zote sita uone kama zinashika, maana za zamani mara nyingi zimeunganishwa tatu tatu kwenye bati moja na ukiharibikiwa na moja unatafuta bati zima. Angalia pia vidaraja viwili, cha kichwani na cha chini, kama mifereji ya nyuzi haijaliwa na kutu. Kisha nenda kwenye kitu ambacho ndicho gharama yenyewe: pikapu, ile sumaku ya kunasa mtetemo wa nyuzi.

Mimi nilimpelekea fundi redio wa Majengo. Akafungua skrubu nne, akapuliza vumbi, akaweka mita yake kwenye nyaya mbili zinazotoka kwenye koili. Mita ikisoma kilo-ohm kadhaa, koili ni nzima. Isiposoma kitu, ule waya wa ndani uliozungushwa maelfu ya mara kuzunguka sumaku, mwembamba kuliko unywele, umekatika mahali, na hiyo ni kazi ya kuusuka upya kwa subira ambayo si kila fundi anayo. Yangu ilisoma. Kilichokufa kilikuwa poti ya sauti (ile ya kuzungusha) iliyoganda, jeki ya kuchomekea waya iliyolegea, na waya wa ardhi uliokuwa umeachia kwenye daraja la chini. Hivyo vitatu vinapatikana kwenye makasha ya redio mbovu ya fundi yeyote. Aliposhika solda nilitoka nje kunywa chai, niliporudi akawa ameshachomeka kwenye spika ya redio ya dukani na anagonga nyuzi zenye kutu kwa bisibisi, huku wapita njia wamesimama.

Hapo niweke onyo moja. Magitaa haya Marekani mara nyingi yaliuzwa pamoja na amplifaya yake ndogo ya valvu, na ukiagiza kutoka huko unaweza kuipata. Hiyo imetengenezwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120. Sisi tuna 230. Usiichomeke ukutani hata kwa majaribio ya sekunde moja. Tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Nyingi pia zina plagi ya pini mbili isiyo na ardhi, na kapasita za ndani hushika umeme hata ukishaichomoa amplifaya ukutani, kwa hiyo kazi ya kufungua mwachie anayejua. Kwa kuanzia amplifaya yoyote ya gitaa inatosha. Hata ya kinanda.

Kuna haya ya kusimama kwa miguu yake, kama Stringmaster ya Fender iliyotoka 1953: shingo mbili, tatu, hata nne, kila moja na nyuzi nane na tyuni yake. Ni mazuri sana kuyatazama. Kama unaanza, yatazame tu.

Chuma cha kutelezesha ndicho kitu ambacho duka la muziki la hapa mjini halitakuwa nacho, na ndicho rahisi kuliko vyote. Kile cha dukani huko nje huwa ni silinda ya chuma kizito, kipenyo cha milimita 22 hivi na urefu wa sentimita nane, ncha moja imeviringwa. Nenda gereji uombe pini ya pistoni ya gari dogo. Kipenyo kinakaribiana, chuma chake ni kigumu, na kiwandani kimeshasuguliwa kikang'aa kuliko utakavyoweza kusugua wewe. Ni fupi kidogo na ina tundu katikati, kwa hiyo ni nyepesi, lakini inafunika nyuzi zote sita ukiiweka sawa. Chagua isiyo na mikwaruzo. Pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukikwama hata mara moja, rudisha, kwa sababu kila mkwaruzo utausikia kwenye spika.

Sasa tyuni. Ukisoma juu ya gitaa hili utakutana na C6 kila mahali, ambayo kwa lugha ya kwaya zetu, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, ni d m s l d m. Jerry Byrd wa Marekani aliipa heshima kubwa, na ni tamu kweli. Lakini inataka nyuzi za unene wake maalumu, na dukani utakuta pakiti moja tu ya gitaa la kawaida. Kwa hiyo mimi nashauri uanze na E ya wazi: E B E G# B E. Yaani d s d m s d. Unaacha uzi wa kwanza, wa pili na wa sita ulivyo, unapandisha wa tano na wa nne kwa toni nzima, wa tatu kwa nusu toni.

Watu watakuambia kupandisha hivyo kutakata nyuzi au kuvunja shingo. Kwenye gitaa la kawaida wana hoja. Kwenye hili, piga hesabu. Gitaa la kawaida lina urefu wa uzi, daraja hadi daraja, sentimita 65 hivi. Haya ya mapajani mengi ni inchi 22.5, yaani sentimita 57. Uzi uleule kwa noti ileile ukiufupisha hivyo, mvuto wake hushuka kwa zaidi ya asilimia 20. Kuupandisha toni nzima huongeza asilimia 26 juu ya hapo ulipofika. Unaishia karibu palepale kiwanda kilipokusudia. Uzi unaokatika kwangu ni wa kwanza, ambao hata sijaupandisha, na unakatikia kwenye daraja la chini penye kutu.

Kushika: chuma kinakaa kati ya kidole gumba na cha kati, cha shahada kinalala juu yake. Vidole viwili vilivyobaki vinaburuzwa nyuma ya chuma, vimegusa nyuzi kidogo tu, ili kuzima sauti chafu za upande wa kichwani. Bila hivyo vidole viwili gitaa hili ni kelele tupu. Chuma usikikandamize, uzito wake unatosha. Na kinakaa juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama tulivyozoea kwenye freti. Jicho liwe juu ya chuma moja kwa moja. Ukiangalia kwa pembeni mstari unakudanganya. Mkono wa kulia nao una kazi ya kuzima kabla ya kuchuna, kwa sababu hapa noti haifi yenyewe ukiinua kidole. Mazoezi ya mwanzo ni uzi mmoja, tenzi moja ya taratibu unayoijua toka utoto, bila mtetemo wowote. Ukianza kutikisa chuma mapema unajificha.

Hali ya hewa ya Dodoma inatupendelea kwa upande mmoja: nyuzi hazioti kutu kama za wenzetu wa pwani. Lakini asubuhi ya Juni au Julai na mchana wake ni nchi mbili tofauti, na tyuni inahama nazo. Kile kikaangio cha alumini kilikuwa na ugonjwa huohuo chini ya taa za jukwaani. Vumbi linaingia kwenye poti. Funika na kitenge.

Yote hayo, hata hivyo, si sababu ya mimi kukaa kuandika. Kwenye gitaa hili kuna kitu ambacho mpiga gitaa wa kawaida wa Dodoma anakikosa bila kujua, na aliyenionyesha ni mzee mmoja mpiga zeze wa Chamwino. Nilienda kwake tupige pamoja tu, nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", tukakaa chini ya mti, betri na amplifaya ndogo pembeni. Nilikuwa nimetyuni kwa tyuna, kile kifaa kinachowaka kijani noti ikiwa sawa, na kila uzi ulikuwa kijani. Nikachuna nyuzi zote wazi. Akasikiliza, akakunja uso.

"Mwanangu, huo wa tatu umepanda."

Nikamwonyesha tyuna. Hakuiangalia.

"Ushushe. Bado. Bado. Hapo."

Tyuna ilishatoka kwenye kijani. Lakini kwenye spika ule mtetemo wa wa-wa-wa uliokuwa kati ya uzi wa tatu na wenzake ulikuwa umekufa kabisa, na nyuzi sita zikawa kama zinatoka mahali pamoja. Babu alikuwa amenipa mi ya asili, ambayo iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 14, yaani karibu sehemu moja ya saba ya nusu toni.

Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya sauti zilizomo ndani ya uzi wenyewe. Ukichuna uzi, hautetemi mzima tu. Unatetema pia kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kila kipande kina noti yake. Wataalamu waliousoma muziki huu, Gerhard Kubik wa Austria akiwamo, wameandika kwamba ngazi ya Wagogo inatoka kwenye zile za nne, tano, sita, saba, nane na tisa za mfululizo huo. Ukimsikiliza marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki 2003, akiimba juu ya ilimba yake, ile ya kupiga kwa vidole gumba, unazisikia zote. Akina mama wanaocheza ngoma ya muheme wanaziimba bila kutafuta. Sasa angalia hiyo d s d m s d. Ni sauti ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita na ya nane ya E moja nzito iliyo chini ya uzi wa sita. Zimekosekana mbili tu, ya saba na ya tisa.

Ya tisa ni rahisi: uzi wa kwanza, mstari wa pili, karibu kabisa. Ya saba ndiyo yenyewe. Ni ile ta (ti iliyoshushwa) ya Wagogo, na kwenye kinanda haipo, wala kwenye gitaa lenye freti, isipokuwa uvute uzi kwa kubahatisha. Iko chini ya ta ya kinanda kwa senti 31. Kwenye gitaa langu la sentimita 57 iko kwenye uzi wa pili, sentimita 8.2 kutoka daraja la kichwani, wakati mstari wa tatu uko kwenye 9.1. Milimita tisa kabla ya mstari. Sehemu moja ya saba ya uzi, hesabu kamili.

Kuihakikisha huhitaji rula. Gusa uzi wa sita kwa ncha ya kidole hapohapo, bila kukandamiza, uchune na kuondoa kidole: utasikia kengele nyembamba ya juu. Hiyo ndiyo sauti ya saba. Sasa weka chuma mahali hapohapo kwenye uzi wa pili, uchune. Ni noti ileile, oktava moja chini. Telezesha kidogo mbele na nyuma mpaka zikubaliane. Babu alipoisikia hakusema kitu. Alichukua upinde wake akaanza, na mimi nikabaki kwenye noti hiyo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Kwa hiyo mistari iliyochorwa kwenye shingo ichukulie kama anwani ya mtaa tu, nyumba utaitafuta kwa sikio. Wapiga udi na fidla wa taarabu wanalijua hili siku zote, sisi wa magitaa ndio tuliofungiwa na freti.

Tatizo ni Jumapili. Kinanda cha kanisani kimetyuniwa kiwandani na hakibembelezeki. Nikiingia na mi ya babu, mpiga kinanda wetu ananiangalia kama nimemtukana, na kwa haki yake, kwa sababu nyimbo zake nyingi zinahama ufunguo katikati. Kwa hiyo nikipiga na kinanda napandisha uzi wa tatu urudi kwenye kijani. Wakina mama wakianza pambio bila kinanda, naushusha haraka wakiwa kwenye ubeti wa kwanza. Wao huwa wameshahamia huko kabla yangu. Kuna mama mmoja wa sauti ya pili ameanza kunigeukia na kunionyesha kidole chini, ushushe zaidi, na mpaka sasa hajawahi kukosea.

Anayetaka kulijaribu anakaribishwa, alasiri, umeme ukiwepo. Aje na uzi wake wa kwanza, hiyo milimita 0.25 ya kawaida, kwa sababu huo ndio unaokatika na dukani wanakataa kuuza mmojammoja.